Pini Zilizoachwa Hewani

Simu ya mwenyekiti wa kamati ya maji ilinikuta uani kwangu, Unyambwa, nikipepeta alizeti. Mama yule alikuwa na kawaida ya kubipu, mimi ndiye nampigia. Siku hiyo alipiga mwenyewe, akasubiri nipokee, kisha akapita kwenye salamu zote bila haraka: habari za nyumbani, hali ya watoto, mvua za huko kwenu. Nilimwamkia, nikamjibu moja moja, nikijua salamu zikiisha kinafuata nini.

"Fundi," akasema, "kile kidude chako kimezima tena."

Kidude chenyewe kilikuwa kimefungwa kwenye tangi la maji la kijiji kimoja upande wa Kinampanda, Iramba. Tangi liko juu ya kilima, pampu iko bondeni kwenye kisima, na ukisimama kwenye pampu hulioni tangi. Mwendesha pampu akizidisha, maji yanamwagika kilimani na dizeli inaungua bure. Akipunguza, mabomba yanakauka kabla ya jioni. Kwa hiyo kamati iliniomba kitu cha kupima maji na kutuma meseji kwa simu ya mwendesha pampu. Niliwafungia kisanduku cha plastiki chenye bodi ndogo ndani. Kinapima, kinatuma, kinalala, kinaamka tena baadaye. Kikishalala, kilitakiwa kutumia umeme kidogo sana, ndiyo maana tuliona betri peke yake itatosha kuanzia mavuno hadi mavuno mengine. Sola tulijaribu. Iliibwa kabla hata meseji ya kwanza haijatumwa.

Betri haikufika mavuno yoyote. Ilikuwa inaisha ndani ya wiki chache, wakati mwingine chini ya hapo. Nilikuwa nimeshakwenda kule na betri mpya mara kadhaa, na kila nikienda ni safari ya siku nzima, kwenda na kurudi, na vumbi la kutosha kupandia mtama kichwani.

"Mama, nitakuja," nikasema. "Nitaleta betri nyingine."

"Subiri kwanza," akasema. "Jana maji yaliisha na hakuna aliyepata meseji. Zahanati kulikuwa na binti anajifungua. Ikabidi wakimbilie kwa jirani kuomba ndoo za maji."

Nikaweka ungo chini. "Mtoto?"

"Mzima. Na mama yake mzima. Lakini nesi alikuja kwangu asubuhi. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Sikugombezi. Nakueleza ujue."

Afadhali angenigombeza. Mtu akikugombeza unapata pa kujibu.

Hapo lazima nimwingize mwenzangu. Tulisoma pamoja chuoni Dodoma, tukafungua kibanda cha ufundi Singida mjini, tukitengeneza redio, simu na mashine za kugeuza umeme wa betri. Yeye alikuwa na mkono mzuri wa kuchora bodi. Bodi ya kidude cha tangi aliichora yeye, na ile sehemu ya mwanzo ya programu, inayoiamsha chipu na kuipanga kabla ya kuanza kazi, aliiandika yeye. Mimi niliandika sehemu ya kupima na kutuma meseji. Baadaye alipata ajira, akarudi Dodoma. Aliniachia bodi mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba, mchoro mmoja, na wateja wote.

Nilimpigia siku hiyohiyo.

"Ukiiweka mezani inafanya kazi?" akaniuliza.

"Inafanya."

"Basi tatizo ni mazingira ya kule."

"Mazingira gani? Ni kilima tu, tangi na upepo."

"Joto, vumbi, mambo kama hayo. Badilisha betri."

"Nimebadilisha mpaka mwenye duka ananiita mteja wake."

"Weka kubwa zaidi."

Nilimweleza habari ya zahanati. Akasema pole, akaongeza kwamba kuna betri nzuri zimeingia Dodoma, angeulizia. Nikamshukuru kwa sauti iliyomfanya mume wangu, aliyekuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake barazani, anyanyue uso kunitazama.

Kule kijijini hali haikuwa afadhali. Mwendesha pampu alikuwa mzee aliyestaafu kazi za reli huko Manyoni, akamfuata mkewe Iramba. Tangu siku ya kwanza hakukipenda kidude. Kabla ya hapo alikuwa anapanda kilima kwa miguu, anagonga tangi kwa fimbo na kusikiliza maji yameishia wapi, anashuka. Sasa kamati ilikuwa imemwambia apumzike, asubiri meseji. Nilipofika na betri nyingine alinisindikiza juu, akasimama nyuma yangu wakati nafungua kisanduku.

Nilichomeka betri. Taa ndogo ikawaka. Simu yake ikalia mfukoni.

"Imefika?" nikauliza.

"Imefika. Inasema maji nusu." Akagonga tangi. "Ni nusu kweli."

"Basi kinafanya kazi, mzee."

"Ukiwa wewe upo kinafanya kazi," akasema. "Kina adabu mbele ya wageni. Kule reli, kitu cha namna hii tulikuwa tunakitoa njiani, treni ipite."

Alisema kweli, na ndicho kitu kilichokuwa kinanimaliza: mbele yangu kidude kilikuwa kizima, kila mara. Kikibaki peke yake kinaimaliza betri kana kwamba kinawasha jiko.

Niliporudi nyumbani niliichukua ile bodi ya akiba nikaiweka kwenye meza ya sebuleni, mchana kweupe, milango yote wazi. Nikaunganisha mita katikati ya betri na bodi, ili nione umeme unaoingia. Bodi ikaamka, ikapima maji ambayo hayapo, ikalala. Namba kwenye mita zikashuka vizuri. Nikaridhika, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai kilichokuwa ng'ambo ya bodi.

Namba zikapanda.

Nikarudisha mkono. Zikashuka, lakini si mpaka pale zilipokuwa. Nikasubiri. Zikaanza kupanda zenyewe, polepole, bila mtu kugusa kitu. Nikashuku mita. Nikakagua waya zake, nikaanza upya. Hali ikawa ileile. Nikapeleka kiganja juu ya bodi, bila kuigusa, nikakishusha, nikakinyanyua, na umeme ukawa unacheza kufuata mkono wangu.

Mume wangu alipita kuelekea jikoni, akasimama.

"Unakiombea?" akauliza.

"Niache."

"Nauliza tu. Nilidhani hospitali imeshindikana."

Nilimwacha apite. Nilikuwa na hasira, lakini kwa mara ya kwanza hasira ilikuwa na mahali pa kukaa. Kitu kinachosikia mkono usioigusa bodi ni kitu kilichoachwa wazi. Nikachukua mchoro wa mwenzangu. Chipu ile ina miguu mingi, pini tunaziita, na kazi yetu ilihitaji chache tu. Upande mmoja mzima na nusu ya upande mwingine, mwenzangu alikuwa ameandika neno moja pembeni ya kila pini kwa mwandiko wake mzuri: haitumiki, haitumiki, haitumiki.

Nikafungua kitabu cha watengenezaji wa chipu, kile cha Kiingereza kirefu kisicho na huruma, nikatafuta habari za pini zisizotumika. Zilikuwapo, aya chache. Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Chipu ikiwashwa, kila pini huanza ikiwa inasikiliza: umeme upo, au haupo. Ukiiunganisha na kitu, inapata jibu, inatulia. Usipoiunganisha na chochote, haisikii kimya. Inasikia kila kitu, mkono wa mtu, upepo mkavu unaosugua plastiki, simu inayotuma meseji pembeni. Inabaki katikati, si ndiyo si hapana, na ikiwa pale katikati milango yake miwili ya ndani inakuwa wazi kidogo kwa pamoja, umeme wa betri unapita humo kwenda ardhini, yaani upande hasi wa betri, bila kufanya kazi yoyote. Pini moja, ni kidogo. Upande mzima na nusu, juu ya kilima cha Iramba wakati wa kiangazi, ni betri.

Nikampigia.

"Zile pini zisizotumika ulizifanyaje?"

"Zipi?"

"Ulizoandika hazitumiki."

"Hazitumiki hizo."

"Najua hazitumiki. Nauliza ulizifanyaje."

"Sasa kitu kisichotumika unakifanyaje? Unakiacha."

Nikamsomea aya za kitabu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo basi ni kazi ya programu," akasema. "Pini inapangwa kwenye programu."

"Programu ya kuamsha chipu uliandika wewe."

Akasema mtandao wa huko kwao unasumbua, atanipigia.

Sikumsubiri. Dawa ilikuwa fupi ajabu, mistari michache: chipu ikiamka tu, pini zote zisizotumika ziache kusikiliza, zigeuzwe kuwa za kutoa, na zitoe sifuri, yaani zikae upande wa ardhini. Pini inayotoa sifuri haina cha kusikia, imetulia. Nikaandika, nikapakia kwenye bodi ya akiba, nikaweka mita, nikakaa mbali mikono magotini kama mtu aliye kanisani, nisije nikaisumbua.

Mita iliruka. Umeme ulikuwa mwingi kuliko hata chipu ikiwa macho. Nilidhani nimekosea mahali pa kuchomeka waya. Nikainama kuangalia, nikasikia harufu ambayo kila fundi anaijua na hataki kuisikia nyumbani kwake. Nikaigusa chipu, ikaniunguza kidole. Nilipong'oa betri nilikuwa nimeshachelewa. Uso wa chipu ulikuwa na kiuvimbe kidogo katikati, na bodi ya akiba haikuamka tena.

Nilikaa pale nikikitazama kiuvimbe. Halafu nikachukua kioo cha kukuzia, nikaanza kufuata njia za shaba za bodi moja baada ya nyingine, pini hadi pini, mpaka macho yakaniuma. Pini kadhaa kati ya zile zisizotumika zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja na njia ya umeme wa betri. Mimi nimeziamuru zitoe sifuri, upande wa pili zimeshikwa na betri. Zilikuwa zinavutana na betri mpaka chipu ikaungua.

Safari hii mwenzangu alipokea kabla simu haijaita sawasawa.

"Kuna pini uliziunganisha na umeme," nikasema.

"Zipi?"

"Zisizotumika."

"Aa. Zile za upande wa betri, ndiyo. Nilisoma mahali kwamba zisiachwe hewani."

"Ulisoma."

"Nilisoma, ndiyo."

"Na zile nyingine zote?"

"Nafasi ya kupitisha njia iliisha."

"Kwenye mchoro zote umeandika hazitumiki. Hakuna tofauti."

"Si ndiyo hazitumiki," akasema, na kwa sauti yake nilijua hanitanii. Aliona kabisa kwamba amenijibu.

Nilikata simu. Nikatoka nje, nikachukua ufagio nikaufagia uwanja uliokuwa umefagiliwa asubuhi. Mume wangu aliniona, akarudi kwenye madaftari yake. Tumeoana muda wa kutosha.

Nilipotulia nilirudi mezani. Kulikuwa na njia nyingine, na kitabu kiliitaja pia: pini iendelee kusikiliza, lakini uwashe rezista iliyomo ndani ya chipu, kizuizi kidogo cha umeme kinachoivuta pini taratibu upande wa umeme. Iliyoachwa hewani itavutwa juu, itulie. Iliyounganishwa na betri tayari iko juu, hakuna wa kuvutana naye. Njia hiyo ingefaa kwa zote, za kuunganishwa na za kuachwa, bila kujali mwenzangu alikuwa amesoma nini au nafasi iliishia wapi. Shida ni kwamba sikuwa na bodi ya kujaribia. Iliyobaki ilikuwa ile ya kilimani.

Mwenyekiti na mzee wa pampu walinisubiri chini ya kilima. Mwenyekiti ni mwanamke mrefu, mkulima wa vitunguu, anayetembea mlimani na kitenge kana kwamba yuko tambarare. Tukapanda. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba nilipofungua kompyuta juu ya jiwe, kioo kilinionyesha uso wangu tu. Mzee akavua koti lake, akanifunika mimi na kompyuta, akalishika lisipeperuke. Nikafanya kazi humo ndani kama mtu anayejifukiza.

"Haya, shida yenyewe ilikuwa nini?" sauti ya mwenyekiti ikaja kutoka nje ya koti.

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Sikutaja milango ya ndani, nilisema tu kwamba kuna miguu ya chipu isiyokuwa na kazi, haikufungwa popote, na ndiyo iliyokuwa inakula betri.

"Wasio na kazi ndio walaji."

"Ndiyo, mama."

Wakageukia Kinyiramba, yeye na mzee, wakasemezana, wakacheka. Mimi ni Mnyaturu, nikabaki kukisia. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Na aliyeitengeneza alijua?"

"Nusu alijua."

"Nusu," akasema, akalipima neno lile. "Nipe namba yake."

Nilipakia programu. Nikasita kidogo kabla ya kuchomeka betri, maana nilikuwa bado na alama kwenye kidole. Nikaweka mita. Bodi ikaamka, simu ya mzee ikalia, bodi ikalala. Namba zikashuka, zikashuka tena, zikakaa. Nikapeleka kiganja juu yake. Hazikutikisika. Nikamwambia mzee aweke cha kwake. Aliweka, mkono wa mtu aliyebeba vyuma maisha yake yote. Kimya.

"Sasa hakitusikii," akasema.

"Ndivyo kinavyotakiwa."

"Tutaona," akasema, na akavaa koti lake.

Mwenyekiti alikuwa amesogea pembeni ya tangi na simu sikioni. Nilisikia upande wake tu. "Marahaba, baba. Ndiyo wewe uliyechora? Sawa. Hapana, sina ugomvi. Nataka uje uone tangi. Hapana, picha hazitoshi. Njoo uone tangi, halafu uone na zahanati."

Sikutegemea kwamba mwenzangu angekuja. Lakini alikuja, mwezi uliofuata, akiwa na viatu vya ofisini. Mzee wa pampu alimpandisha kilimani kwa mwendo wa reli, bila kupumzika, kisha mwenyekiti akampeleka zahanati. Mimi nilibaki nje kivulini. Alikaa huko muda. Nesi hakupaza sauti, maana ningesikia. Alipotokea, kwa upande wa nyuma, alikuwa amekunja mikono ya shati na suruali yake imelowa magotini.

"Umefanya nini?"

"Amenipa ndoo," akasema. "Ameniambia nichote kwa jirani yuleyule waliyemkimbilia siku ile, nijaze pipa. Nyumba yenyewe ni ile kule." Akanionyesha. Ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo.

"Umejaza?"

"Nimejaza."

Tukaenda kusubiri gari. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Unyambwa, mengi na mazuri, nikaona hayana kazi tena, jambo ambalo nalo lilinikera.

Betri ilidumu. Iliingia masika, ikatoka masika, na meseji zikawa zinakuja kama salamu. Mwenyekiti akaanza tena kubipu. Kijiji cha jirani nacho kikaomba kidude, na mwenzangu akachora bodi mpya huko Dodoma, akanitumia mchoro. Nilimpigia, nikaufungua mbele yangu, tukaanza pini ya kwanza.

"Hii?"

"Ina rezista yake, inakwenda ardhini."

"Inayofuata?"

"Hiyohiyo."

"Inayofuata?"

"Dada, zote nimezipanga hivyohivyo. Nimeandika pembeni."

"Umeandika hazitumiki?"

"Nimeandika zimefanywaje."

"Basi nisomee," nikasema. Akavuta pumzi, nikamsikia akivuta kiti pia, akanisomea moja moja mpaka ya mwisho. Kwenye mbili tulibishana. Moja nilikuwa sahihi mimi, ya pili alikuwa sahihi yeye, na hakuacha kunikumbusha mpaka tulipokata simu.